Klabu za Wanafunzi Katika Shule za Sekondari: Ushauri kwa Walezi, Wakuu wa Shule na Viongozi wa Wanafunzi

Klabu ya shule, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni kundi la wanafunzi waliojiunga kwa hiari yao ili kufanya kazi moja inayojulikana, nje ya vipindi vya darasani, chini ya usimamizi wa mwalimu anayeitwa mlezi. Maelezo hayo yamebeba mambo matatu, yaani hiari, kazi na mlezi, na klabu nyingi zinazodorora katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya hudorora kwa sababu mojawapo ya hayo limekosekana. Mara nyingi lililokosekana ni kazi. Shule inaweza kuwa na klabu 15 katika orodha iliyobandikwa kwenye ofisi ya mkuu wa shule, kila moja ikiwa na mwenyekiti, katibu na mhazini, na bado mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa alifanya nini katika klabu yake mwezi uliopita akakosa la kujibu, kwa kuwa tangu siku ya uchaguzi hakuna kilichofanyika isipokuwa kuorodheshwa majina. Makala haya yanashikilia kwamba klabu huanza na kazi, wala si viongozi, na kwamba kazi hiyo inapaswa kubaki mikononi mwa wanafunzi wenyewe tangu inapopangwa hadi inapotolewa hesabu.

Msimamo huo una mizizi ya zamani katika ukanda huu. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa hati yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakutaka tu kila shule iwe na shamba au karakana, bali alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo, kwa mfano kama fedha walizozichuma zitumike kukodi trekta la kutayarisha ardhi au ziende kwenye mahitaji mengine nao walime kwa nguvu zao. Katika shule nyingi sehemu ya jembe ilitekelezwa na sehemu ya uamuzi ikaachwa, na ndiyo maana kwa vizazi kadhaa shamba la shule limekumbukwa na wengi kama adhabu. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 wa shule za sekondari waliokuwa wakisumbuliwa na uharibifu wa mazingira waliouona katika maeneo yao, na kutokana na mkutano huo ukazaliwa mpango wa klabu wa Roots & Shoots, ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani. Utaratibu wake mkuu ni rahisi kuuelewa: wanachama wenyewe huchunguza mahali wanapoishi, huchagua tatizo linalowagusa watu, wanyama au mazingira, kisha hupanga la kufanya. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Kenya ilikuwa imeanzisha Klabu za Wanyamapori, na Tanzania ikafuata kwa Klabu za Malihai zenye makao makuu yake Arusha. Mifano hiyo inaonyesha kwamba mwanafunzi wa sekondari akipewa jambo lake la kuamua huweza kulibeba, na kwamba uwezo huo haukuanza na zana za kisasa wala ufadhili mkubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mlezi anashauriwa kuliuliza kabla ya kukusanya majina ni hili: mtu asiye mwanachama ataona nini kabla muhula haujaisha? Jibu likiwa ni kuelimisha jamii au kuhamasisha vijana, kazi bado haijapatikana, kwa sababu maneno hayo hayamwambii mwanachama afike wapi, saa ngapi, akiwa na nini mkononi. Jibu likiwa ni miche 30 iliyo hai nyuma ya maabara, gazeti moja la ukutani kila Ijumaa, au onyesho moja la tamthilia fupi mbele ya wazazi siku ya kikao chao, kazi imepatikana, na majina yatafuata.

Klabu ya mazingira inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana karibu kila shule na ndiyo inayoshindwa kwa namna inayojirudia. Kwa desturi hungojwa siku ya upandaji miti, mgeni rasmi akaalikwa, miche mia kadhaa ikashushwa kutoka kwenye gari, mashimo yakachimbwa kwa haraka asubuhi ileile, picha zikapigwa, na mwezi Juni shule inapofungwa huku masika yakiwa yamekwisha, miche hiyo huachiwa jua na mbuzi. Kosa hapo si uvivu wa wanafunzi. Ni kwamba kazi iliyopangwa ilikuwa kupanda, wakati kazi yenyewe hasa ni kutunza. Klabu inayotaka miti na isipande zaidi ya idadi inayoweza kuinywesha maji kwa mikono yake, tuseme miche 30. Mashimo yachimbwe wiki mbili au tatu kabla ya mvua, udongo wa juu utengwe na kuchanganywa na samadi iliyokwisha kuoza, na mche ukishapandwa uachiwe kisahani, yaani mbonyeo kuzunguka shina unaoshika maji, kisha ufunikwe matandazo ya nyasi kavu na kuzungushiwa matawi ya miiba. Kila mche upewe namba na walezi wawili, mmoja wa Kidato cha Kwanza na mwingine wa Kidato cha Tatu, ili anayemaliza shule amwachie aliyebaki. Daftari la klabu lioneshe namba ya mche, aina yake, walezi wake na siku zao za kumwagilia, na kwa likizo ya Juni wapangwe wanafunzi wanaoishi jirani na shule, huku mkuu wa shule akimjulisha mlinzi ili wasifukuzwe getini. Mwisho wa mwaka ihesabiwe miche iliyo hai, na idadi hiyo isomwe mstarini hata ikiwa ni 11, kwa kuwa wanachama watakaojua kwamba 19 ilikufa, na kwa sababu gani, watapanda vizuri zaidi mwaka unaofuata kuliko wale walioshangiliwa kwa miche 500 isiyojulikana iliishia wapi.

Gazeti la ukutani, kwa upande wake, ni kazi inayogharimu kidogo sana na kufundisha mengi, na inasikitisha kwamba shule nyingi zimeliacha. Linahitaji karatasi za manila, kalamu za wino mzito, gundi na wanafunzi watano au sita wenye udadisi. Ratiba yake ya wiki inaweza kuwa hivi: Jumatatu wahariri hukutana kwa nusu saa na kugawana habari, Jumatano maandishi hukabidhiwa, Alhamisi huhaririwa, yakasomwa na mlezi na kunakiliwa kwa mwandiko unaosomeka, Ijumaa gazeti hubandikwa mahali ambapo wanafunzi husimama hata hivyo, kama vile karibu na bomba la maji au kwenye mlango wa bwalo. Habari zinazovuta wasomaji ni zile ambazo hazipatikani kwingine: mpishi wa shule anaamka saa ngapi na anasonga kilo ngapi za unga kwa siku, kwa nini maji yalikatika juma lililopita, nani alifunga bao katika mechi ya Kidato cha Tatu A na B, kitabu gani kipya kimeingia maktaba. Mlezi ahakikishe kwamba kila kinachoandikwa ni kweli na hakimdhalilishi mtu, kisha akomee hapo, kwa maana mwalimu anayeandika upya sentensi za wanafunzi ili zipendeze hubaki na gazeti lake mwenyewe. Jina la mtu likikosewa, toleo linalofuata lisahihishe waziwazi, na matoleo yote yawekwe tarehe na kuhifadhiwa, kwani baada ya miaka michache yatakuwa historia ya shule ambayo haipatikani katika jalada lolote la ofisini.

Mdahalo unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio shughuli inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko zote na kwa hiyo hufanywa bila maandalizi. Mdahalo ni mjadala uliowekewa kanuni, ambapo upande mmoja hutetea hoja na wa pili huipinga, mbele ya mwenyekiti anayesimamia zamu, mtunza muda, katibu na hadhira ambayo nayo ina haki ya kuchangia. Ubora wa mdahalo hutegemea kwanza hoja iliyochaguliwa. Hoja kama ile ya elimu kuwa bora kuliko fedha, ambayo imezunguka katika shule za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, huzaa misemo na vichekesho, kwa sababu hakuna ushahidi wa kuutafuta na kila mzungumzaji anajua tangu mwanzo mwenzake atasema nini. Hoja inayofaa ni ile ambayo watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu yake na ambayo mwanafunzi anaweza kuitafutia taarifa kwa miguu yake: kwamba shule ijenge bwalo kabla ya kuchimba kisima, kwamba wanafunzi wa kutwa wachangie chakula cha mchana kwa mahindi badala ya fedha, kwamba simu ziruhusiwe katika maktaba kwa saa maalumu. Kwa hoja za namna hiyo mzungumzaji hulazimika kwenda kwa mhasibu, kwa mpishi, kwa mjumbe wa bodi ya shule au kwa fundi wa pampu, na akirudi anakuwa na idadi, bei na majina ya vitu.

Pande zigawiwe kwa kura, na baada ya wiki mbili hoja ileile ijadiliwe tena huku pande zikibadilishana, ili mwanafunzi aliyetetea bwalo alazimike kutafuta sababu za kisima. Zoezi hilo la kubadilishana lina thamani kuliko mashindano kumi ya kelele, kwani mwanafunzi hujifunza kwamba mpinzani wake hakuwa mjinga. Kila mzungumzaji mkuu apewe dakika tano, kengele ilie ya nne inapotimia na tena ya tano, na wachangiaji kutoka kwenye hadhira wapewe dakika mbili mbili. Waamuzi watoe alama kwa mambo matatu tu: ushahidi uliotolewa, namna hoja ya mpinzani ilivyojibiwa, na ufasaha, na ufasaha usizidi robo ya alama zote, la sivyo klabu itawatunza wenye sauti na kuwapoteza wenye fikra. Katibu aandike kila hoja na jibu lake, kwa sababu kumbukumbu hizo ndizo zitakazowafundisha wanachama wapya.

Suala la lugha haliepukiki hapa. Katika sekondari za Tanzania Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, ilhali mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amesomeshwa kwa Kiswahili kwa miaka yote aliyokaa huko, na kwa hiyo klabu nyingi huendesha mdahalo kwa Kiingereza pekee kwa nia njema ya kuwazoesha wanafunzi. Matokeo yake huonekana ukumbini: wanafunzi watano wanaojulikana hupokezana kipaza sauti, na mamia waliobaki hupiga makofi. Inashauriwa lugha zipishane, wiki moja Kiswahili na nyingine Kiingereza, na maandalizi ya hoja yafanyike kwanza kwa lugha ambayo wanachama wanafikiri nayo bila kujikwaa. Atakayekuwa amekwisha kuielewa hoja yake atapata ujasiri wa kuisema kwa Kiingereza kibovu, na kibovu hicho kitanyooka kwa kutumiwa. Shule inaweza pia kuingiza ngonjera katika klabu hiyohiyo. Ngonjera ni shairi la majibizano, ambalo Mathias Mnyampala alilikuza na kulieneza nchini Tanzania katika miaka ya 1960, na ndani yake wahusika hushindana kwa beti hadi mmoja akubali. Tofauti yake na mdahalo ni kwamba mshindi wa ngonjera amekwisha kuamuliwa na mtunzi, ilhali wa mdahalo hajulikani, na mwanafunzi anayetunga ngonjera baada ya kushiriki mdahalo hupata nafasi ya kuandika pande zote mbili kwa kalamu moja.

Kuhusu klabu za sayansi yanatosha maneno machache. Mashindano kama Young Scientists Tanzania na maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za Kenya yamewazoesha wanafunzi kufanya uchunguzi wa vikundi na kuueleza kwa mdomo mbele ya waamuzi, na huo ni utaratibu mzuri hata kwa shule isiyokusudia kushindana popote. Swali la uchunguzi liwe dogo, linalopimika kwa vifaa vilivyopo. Wanachama wakitaka kujua kama makaa ya vumbi yanafaa kuliko mkaa wa kawaida, wapime nusu kilo ya kila aina, wachemshe lita mbili za maji kwa jiko lilelile na sufuria ileile, warudie mara tatu kwa kila aina na kuandika dakika. Atakayefanya hivyo ameielewa maana ya jaribio kuliko aliyenakili kutoka kitabuni mchoro wa mtambo asioweza kuuwasha.

Michezo ina matatizo ya aina nyingine. UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa Shule za Sekondari Tanzania, huanzia shuleni na kupanda ngazi hadi taifa, na umewaibua vijana wengi wenye vipaji. Hata hivyo shule inayoandaa michezo kwa ajili ya mashindano hayo peke yake huwanyima wengi. Timu ya soka ina wachezaji 11 uwanjani na ya netiboli ina saba, kwa hiyo shule ya wanafunzi 800 inayotegemea timu hizo mbili ina watu 18 wanaocheza na mamia wanaotazama. Dawa yake ni ligi ya ndani, ya mabweni au ya mikondo, inayochezwa kila wiki kwa dakika chache, na yenye sharti kwamba kila aliyeandikishwa acheze angalau nusu ya mechi za timu yake. Waamuzi, watunza matokeo na wachora mistari ya uwanja nao wahesabiwe kuwa wanachama kamili, kwa kuwa wapo vijana wanaoupenda mchezo ambao miguu yao haikujaliwa kasi.

Hakuna ushauri wowote kati ya huu utakaofaa kama saa ya klabu haijulikani. Katika shule za kutwa, klabu inayokutana saa kumi na moja jioni imekwisha kuchagua wanachama wake bila kusema: imewachukua wanaoishi karibu na imewaacha wanaotembea mwendo mrefu, na miongoni mwa wanaoachwa wasichana huwa wengi, kwa sababu nyumbani wanasubiriwa na ndoo, kuni na wadogo zao, na kwa sababu njia ya giza ina hatari. Mkuu wa shule anashauriwa kutenga saa moja ndani ya ratiba rasmi, siku moja ya wiki, mara baada ya kipindi cha mwisho, na kuilinda saa hiyo dhidi ya masomo ya ziada, usafi wa dharura na vikao vya ghafla. Saa moja inayoheshimiwa kila Jumatano hufaa kuliko Jumamosi nzima isiyo na uhakika. Kazi nzito zipangwe kati ya Februari na Agosti, kwa kuwa nchini Tanzania mwezi Novemba Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa na Kidato cha Pili wana upimaji wao. Wazazi wanaoogopa kwamba klabu zinakula muda wa masomo wana haki ya kuonyeshwa ratiba hiyo, na waelezwe bila kuzungushwa ni saa ngapi kwa wiki mtoto wao atakuwa kwenye klabu na ni mwezi gani ataachiliwa ajiandae. Hofu nyingi za wazazi hutulia zinapopewa saa na tarehe.

Ukubwa wa klabu nao una kanuni yake. Robert Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti na ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, aliwapanga vijana katika vikundi vya sita hadi wanane, kila kimoja na kiongozi wake wa rika lilelile, kwa sababu katika kundi la idadi hiyo kutokuwepo kwa mmoja hugundulika mara moja. Klabu yenye wanachama 60 inaweza kuiga jambo hilo bila sare wala kiapo: igawanywe katika vikundi vinane, kila kikundi kipewe kipande chake cha kazi, na mkutano wa klabu nzima ubaki kuwa mahali pa kusikiliza taarifa za vikundi. Mwanafunzi mpole wa Kidato cha Kwanza, ambaye asingethubutu kuinua mkono mbele ya watu 60, atasema mbele ya saba.

Mlezi wa klabu hafai kuwa mwenyekiti wake wa kudumu. Kazi yake ni kuwepo, kuuliza maswali, kufungua milango ambayo wanafunzi hawawezi kuifungua wenyewe, na kuzuia madhara. Hilo la mwisho halina mjadala. Mikutano ifanyike mahali pa wazi na mchana; safari iwe na barua ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi, na watu wazima wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke iwapo kuna wasichana; mawasiliano ya simu kati ya mlezi na mwanachama mmoja mmoja yaepukwe; na kila mwanachama ajue tangu siku ya kwanza kwamba akiwa na malalamiko dhidi ya mlezi anaweza kuyapeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha au kwa mkuu wa shule. Mlezi mwema hachukizwi na kanuni hizo, maana zinamlinda yeye pia.

Zipo vilevile klabu zinazoletwa shuleni na taasisi za nje, ziwe za serikali au za asasi za kiraia, zikiwa na mada kama rushwa, kodi, afya ya uzazi au lishe. Nyingi zina nia njema na vitabu vizuri, na shule haina sababu ya kuzikataa; lakini klabu iliyoanza kwa fulana na bango huelekea kufa mradi unapofika ukomo. Shule ikubali fulana, kisha iulize swali lilelile la mwanzo: wanachama watafanya nini siku ambayo mgeni hayupo? Klabu ya wapinga rushwa, kwa mfano, inaweza kujipa kazi ya kubandika kila mwezi hesabu za klabu zote za shule, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kwa kufanya hivyo ikafundisha uadilifu kwa mikono kuliko kwa hotuba.

Katika hesabu hizo za fedha ndipo urafiki wa wanachama unapopimwa. Nchini Tanzania, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika sekondari za umma hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ikafutwa, kwa hiyo si haki klabu igeuke kuwa mlango wa kurudisha michango kwa mzazi. Kiingilio, kama kipo, kiwe kidogo, kipitie kwa mkuu wa shule, na asiyekuwa nacho aruhusiwe kukilipa kwa kazi bila kutangazwa. Daftari la fedha liwe na safu tano: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, zilizotoka na salio. Klabu ikiwa na salio la shilingi 12,500 na ikanunua manila nne kwa shilingi 500 kila moja, mstari wa siku hiyo uoneshe tarehe, manila nne, 2,000 iliyotoka na 10,500 iliyobaki, na risiti ibandikwe kwenye ukurasa unaotazamana nao. Fedha zihesabiwe na watu wawili wakati wote, zitunzwe katika sefu ya ofisi na kamwe zisilazwe kwenye tranka la mhazini bwenini, kwani kumwachia kijana wa miaka 16 fedha za wenzake bila kinga ni kumtega. Kila mwezi salio lisomwe mbele ya wanachama wote, kisha kila anayetaka alishike daftari na kulikagua.

Uongozi ukabidhiwe mapema kuliko inavyozoeleka. Viongozi wakichaguliwa wakiwa Kidato cha Nne, watatumikia miezi michache kabla ya mtihani kuwachukua, na klabu itaanza upya kila Januari. Inafaa wachaguliwe mwezi Julai kutoka Kidato cha Tatu, wafanye kazi sambamba na wanaoondoka kwa miezi miwili, na mwezi Septemba kifanyike kikao cha makabidhiano ambapo daftari la mihtasari, daftari la fedha, orodha ya vifaa na funguo huwekwa mezani, vikahesabiwa na kusainiwa na pande zote mbili pamoja na mlezi. Katika kikao hicho viongozi wanaoondoka waandike ukurasa mmoja unaosema kazi gani ilifanikiwa, ipi iliwashinda, na nani nje ya shule aliwasaidia: bwana misitu, mhariri wa redio ya mkoa, mama aliyetoa mashine ya kushonea mapazia ya jukwaa.

Klabu ambayo imekaa mihula miwili bila kazi ifungwe, na kuifunga kuna utaratibu wake. Mlezi aitishe kikao cha mwisho, wanachama waulizwe kama ipo kazi wanayotaka kuifanya muhula unaofuata na nani ataianza. Pasipopatikana jibu, salio la fedha na vifaa vihamishiwe kwa maandishi kwenye klabu nyingine iliyochaguliwa na wanachama hao, daftari zikabidhiwe maktaba, na jina liondolewe kwenye orodha ya ofisini. Wanafunzi watatu wakija mwaka unaofuata na kazi mkononi, hata kama ni jina lilelile la klabu wanalolitaka, wafunguliwe mlango siku hiyohiyo na wapewe daftari za waliotangulia.